Imeisha hiyo? Jinsi ya kusoma maneno ya Kiingereza yanayosema malipo yamekamilika

Ni saa kumi na mbili jioni. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ameshapakia mifuko 10 ya simiti kwenye mkokoteni. Mteja anamwonyesha simu, na kwenye skrini kumeandikwa "Success". "Imeisha hiyo, boss," mteja anasema. Mkokoteni unaondoka.

Usiku, akifunga hesabu, mwenye duka anatafuta ile pesa na haioni. Anampigia mteja. Mteja anaapa kwamba alilipa, na wala hadanganyi. Neno "Success" aliliona kwa macho yake.

Sasa nani alikosea? Ile "Success" ilikuwa inasema kitu kidogo tu: ombi la malipo limepokelewa na mfumo. Pesa zenyewe zilikuwa bado hazijatoka, na sekunde chache baadaye muamala ukakataliwa kwa sababu salio halikutosha. Mteja alikuwa ameshaweka simu mfukoni, kwa hivyo ujumbe wa pili hakuuona.

Ujumbe mwingi wa malipo nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina maneno mengi ya kusema kitu kimekwisha: "received", "accepted", "successful", "confirmed", "completed", "settled", "closed", "final". Ukiyasoma haraka haraka yote yanaonekana ni kitu kimoja, lakini kila moja linafunga mlango wake, na mingine inabaki wazi. Leo tunayapitia moja baada ya jingine, ili ujue ni wakati gani wa kuachilia mzigo, wakati gani wa kungoja na wakati gani wa kupiga simu.

Swali la kwanza: ni nini kimekwisha?

Kwa Kiswahili hatupati shida hii sana. Mtu akikuambia "nishatuma" (yaani "nimekwisha kutuma", ikafupishwa), unajua kwamba yeye amemaliza sehemu yake. Bado utamjibu, "Sawa, lakini haijaingia." Kutuma ni kitendo kimoja, kuingia ni kingine, na kila kimoja kina neno lake.

"Completed" peke yake haisemi ni nini kilichokamilika. Jibu liko kwenye neno lililo kabla yake. "Request completed" ni ombi. "Payment completed" ni malipo. "Reversal request completed" ni ombi la kurudishiwa pesa, ambalo ni tofauti na pesa zenyewe kurudi.

Kwa kawaida malipo hupita hatua nne:

1. Ombi linapokelewa. Umebonyeza kitufe na mfumo umekusikia.
2. Pesa zinatoka kwako. Salio lako linapungua.
3. Pesa zinafika kwa mpokeaji. Salio lake linaongezeka.
4. Pesa zinaandikwa mahali pake. Karo inaonekana kwa jina la mtoto, tokeni ya stima inatoka kwa mita yako, bili inasoma sifuri.

Kila ukiona neno la kumaliza, jiulize: hili linazungumzia hatua gani?

"Received", "Accepted", "Submitted", "Initiated": mlango wa kwanza tu

Haya ni maneno ya mwanzo, ingawa yamevaa nguo za mwisho. "Your request has been received" maana yake ombi lako limepokelewa. Angalia vizuri kilichopokelewa: ni ombi, pesa bado. "Submitted" ni limewasilishwa. "Initiated" ni limeanzishwa.

Wenye maduka ya mtandaoni, hapa tungependa mkae kidogo. Mfumo wa Daraja wa Safaricom, ambao watengeneza programu hutumia kuunganisha tovuti na M-Pesa, hutoa majibu mawili kwa malipo yanayoanzia kwenye tovuti. Jibu la kwanza huja na maneno "Success. Request accepted for processing". Hapo mteja hata hajaweka namba yake ya siri. Jibu la pili huja baadaye, na ndilo linalosema kama pesa zimelipwa, kama mteja ameghairi, au kama salio halikutosha. Fundi wako wa tovuti akisoma jibu la kwanza peke yake, duka lako litakuwa linatuma bidhaa ambazo hazijalipiwa. Muulize leo: "Oda inawekwa alama ya kulipwa kwa jibu gani?"

Na tukiri jambo: sisi wenyewe tumewahi kuandika "Your request was successful" mahali ambapo tulipaswa kuandika tu kwamba ombi limefika. Kwetu ilikuwa lugha ya kawaida ya mafundi. Kwa mteja ilisomeka kama risiti. Ndiyo sababu moja ya kuandika makala haya.

"Pending" na "Processing": usirudie, ngoja

"Pending" inatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuning'inia. Ni picha nzuri ya kukumbuka: pesa ziko hewani, hazijaanguka upande wako wala upande wa mwenzako. "Processing" ni kwamba kazi bado inaendelea.

Kosa kubwa hapa ni kurudia. Unalipa karo, unaona "Pending", unaingiwa na wasiwasi, unalipa tena. Baada ya dakika chache miamala yote miwili inapita, na sasa umelipa mara mbili. Kurudishiwa moja kutakuchukua muda mrefu kuliko ule ambao ungengoja.

Ukiona "Pending" fanya haya:

- Angalia salio lako kwanza. Je, limepungua?
- Angalia orodha ya miamala. Je, malipo yameonekana?
- Kama salio limepungua na mpokeaji hajapata, usitume tena. Wasiliana na huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala.
- Kama unauza, usiachilie mzigo. Kitu kinachoning'inia kinaweza kuanguka upande wowote.

"Confirmed", "Completed", "Successful": pesa zimeenda, lakini kwa nani?

Hapa ndipo tumefika kwenye maneno yenye uzito. "Confirmed" inatokana na neno la Kilatini lenye maana ya imara: jambo limetiwa nguvu, halitikisiki. Watumiaji wa M-Pesa, ambayo ilizinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, wamelizoea neno hili mpaka limekuwa kama la Kiswahili. Linakaa mwanzoni mwa ujumbe, karibu na ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu 10, na anayetuma hulipata sawa na anayepokea.

Kwa hivyo usisome neno moja ukaacha sentensi. Baada ya "Confirmed", tafuta kitenzi. "Sent to" ni pesa zimetoka kwako kwenda kwa mtu. "Paid to" ni umelipa biashara. "You have received" ni pesa zimeingia kwako. Halafu soma jina, kiasi, na salio jipya.

"Completed" nayo inatoka kwenye neno la Kilatini la kujaza. Kitu kilichojaa hakihitaji nyongeza. Lakini chombo kinaweza kujazwa kikiwa mahali pasipo pake. Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, muamala huo pia utasema "Completed", kwa sababu mfumo umefanya vile ulivyouambia. Kukamilika si kuwa sahihi.

Chukua mzazi anayelipa karo kwa Paybill. Namba ya biashara ameiweka sawa, lakini kwenye namba ya akaunti amekosea tarakimu moja ya namba ya usajili ya mtoto. Ujumbe unakuja, "Confirmed". Pesa zimefika kwenye akaunti ya shule. Hatua ya tatu imekwisha. Hatua ya nne bado, na mtoto anaweza kurudishwa nyumbani akiwa na karo iliyolipwa. Risiti ya malipo unayo. Kinachokosekana ni jina la mtoto kwenye daftari la shule, na hilo litatengenezwa na mhasibu wa shule ukimpelekea namba ya muamala.

Tokeni za stima ziko hivyo hivyo. Ujumbe wa kwanza unasema pesa zimelipwa. Ujumbe wa pili ndio wenye tarakimu za kuingiza kwenye mita. Mpaka huo wa pili ufike, una malipo lakini huna umeme. Usilipe tena. Fuatilia tokeni kwa namba ya muamala wa kwanza.

Jina la mpokeaji likitokea kabla hujathibitisha, lisome polepole. Hizo sekunde chache ndizo rahisi kuliko zote za kurekebisha kosa.

"Failed", "Declined", "Cancelled", "Timed out": mwisho wa aina nyingine

Matokeo mabaya pia ni matokeo, na hapa tofauti ni muhimu.

- "Failed": muamala umeshindikana. Mara nyingi pesa hazikutoka. Hakikisha kwa kuangalia salio kabla ya kujaribu tena.
- "Declined": kuna aliyesema hapana. Inaweza kuwa salio halitoshi, umevuka kiwango cha siku, au benki imezuia kadi. Kurudia bila kubadilisha chochote kutaleta jibu lile lile.
- "Cancelled": umeghairi wewe, au umefunga kile kisanduku cha namba ya siri kabla ya kukijaza.
- "Expired": muda wa ombi umepita. Omba upya.
- "Timed out": hili ndilo la kuogopa kidogo. Linasema tu kwamba muda wa kungoja jibu umekwisha. Mfumo mmoja uliuliza swali, mwingine haukujibu kwa wakati. Malipo yanaweza kuwa yamepita au hayakupita. Usilisome kama "Failed". Angalia salio, ngoja, kisha ndipo uamue.

"Reversed": mwisho ulioanza upya

"Reversed" ni pesa zimerudishwa zilikotoka. Lakini kabla ya kufika hapo kuna maneno mengine mawili ambayo watu huyachanganya nalo. "Reversal requested" ni umeomba. "Reversal in progress" ni ombi linashughulikiwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalosema pesa zitarudi.

Kwa M-Pesa, njia inayojulikana ni kusambaza ule ujumbe wa muamala kwa namba 456. Kila mtoa huduma ana njia yake, na yetu iko kwenye menyu ya msaada. Njia yoyote utakayotumia, kinachoamua mambo mara nyingi ni kimoja: je, pesa bado ziko kwa yule aliyepokea? Akiwa ameshazitoa kwa wakala au amezitumia, kuna kidogo cha kurudisha. Kwa hivyo ukikosea, anza kuomba mara moja. Usipoteze nusu saa ukimpigia mgeni simu na kumsihi.

Na wewe unayeuza, jua kwamba "Completed" ya leo inaweza kufuatwa na ombi la "Reversal". Weka kumbukumbu: namba ya muamala, bidhaa uliyotoa na saa. Ukipigiwa kuulizwa, uwe na cha kujibu.

"Approved", "Cleared" na "Settled": kwenye kadi na benki

Ukilipa kwa kadi, mashine huandika "Approved". Maana yake benki yako imekubali na imeshikilia kiasi hicho. Pesa zenyewe huhamia kwa mfanyabiashara baadaye. Ndiyo maana hoteli inaweza kushikilia pesa zako ukiingia na kuziachilia ukiondoka, na kwa siku kadhaa salio lako likaonekana dogo kuliko ulivyotarajia.

"Settled" ndiyo neno zito zaidi la benki. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale la kiti. Pesa zimekaa chini, safari imekwisha. Malipo makubwa kati ya benki za Kenya hupita kwenye mfumo wa KEPSS wa Benki Kuu, ulioanza 2005, na tangu 2009 malipo ya shilingi milioni 1 na zaidi hayapiti kwa hundi bali kwenye mfumo huo. Pale malipo hukaa moja moja, kwa wakati wake, na yakishakaa hayatenguliwi kwa kubonyeza kitufe.

Hundi nayo husemwa "cleared" ikishapita pande zote mbili. Kuiweka benki ni kuiwasilisha tu. Usimpe mtu gari kwa sababu ya karatasi ya kuweka hundi.

Maneno ya mkopo: hapa mwisho unaweza kukugharimu

Kwenye mikopo maneno haya yana meno. Soma kabla ya kuweka sahihi.

"Closed" ni akaunti ya mkopo imefungwa. Ukimaliza kulipa, hili ndilo unalotaka kuona. Omba uthibitisho wa maandishi.

"Written off" wengi husoma kama "nimesamehewa". Sivyo. Mkopeshaji ameondoa deni kwenye hesabu zake za mali kwa sababu haoni dalili ya kulipwa. Ni uamuzi wa vitabu vyake. Wewe bado unadaiwa, na anaweza kuendelea kudai.

"Settled" kwenye ripoti ya mikopo ni deni limelipwa au mmekubaliana kulimaliza. Lakini historia haifutiki siku hiyo hiyo. Taarifa ya mkopo uliokuwa umeshindwa kulipwa inaweza kukaa kwenye kumbukumbu za ofisi za taarifa za mikopo kwa miaka 5 tangu ulipoumaliza. Una haki ya kupata ripoti yako mara 1 kwa mwaka bila malipo, kwa hivyo iombe uhakikishe imeandikwa sawa.

"Full and final settlement" ni maneno manne ya kusoma mara nne. Utayakuta kwenye hundi ya bima, au barua ya mwajiri unapoachishwa kazi. Yanasema kiasi hiki ni chote na ni cha mwisho. Ukishaweka sahihi, mara nyingi mlango wa kudai zaidi umefungwa. Kama unaona kiasi hakitoshi, tafuta ushauri kabla ya kalamu kugusa karatasi.

"Perfection of security" inachekesha mwanzoni, kwa sababu "perfect" tumelizoea kama kitu kizuri kisicho na dosari. Asili yake ni kufanya jambo mpaka mwisho. Kwenye barua ya mkopo maana yake ni kukamilisha dhamana: kuweka sahihi, kupiga muhuri na kuisajili, ili haki ya mkopeshaji itambulike hata mbele ya wadai wengine. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika imewezesha hata vifaa vya biashara na mifugo kusajiliwa kama dhamana. Ukimaliza mkopo, usiridhike na ujumbe wa "Paid". Hakikisha dhamana yako imeondolewa kwenye rejista.

Matapeli wanajua neno unalolitafuta

Kwa sababu "Confirmed" linatupa amani, ndilo wakora huandika. Ujumbe wa uongo huja na kila kitu mahali pake: namba ya muamala, jina, kiasi. Dakika moja baadaye simu inalia: "Samahani mama, nimekosea nikatuma kwako, nirudishie tafadhali."

Usijibu kwa haraka. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina la huduma yenyewe, si namba ya kawaida ya simu. Lakini usiishie hapo. Fungua menyu au programu yako wewe mwenyewe uangalie salio. Salio halijabadilika? Basi hakuna kilichoingia, hata neno liwe limeandikwa kwa herufi kubwa. Na kama kweli pesa zimeingia kimakosa, mwambie aombe kurudishiwa kupitia mtoa huduma. Usimtumie kutoka mfukoni mwako.

Kwa kifupi, kabla ya kusema "imeisha"

- Soma sentensi nzima, si neno la kwanza pekee.
- Tafuta kilichokwisha: ombi, kutoka, kufika, au kuandikwa mahali pake?
- Ukiuza, angalia salio au orodha ya miamala kwenye simu yako. Skrini ya mteja si risiti yako.
- Ukiona "Pending" au "Timed out", usirudie kabla ya kuangalia salio.
- Hifadhi ujumbe wenye namba ya muamala mpaka hatua ya nne ikamilike.
- Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akisema anakusaidia "kukamilisha" muamala.

Neno la Kiingereza la "finance" lenyewe lilianzia kwenye Kifaransa cha zamani, kutoka kwenye kitenzi cha kumaliza. Fedha ilikuwa ni kile kinachomaliza deni. Na "pay" lilitokana na neno la kutuliza: ukilipa, unamtuliza anayekudai. Kipimo hicho bado kinafaa. Yule mwenye duka la simiti hawezi kutulizwa na skrini ya mteja. Atatulia akiona salio lake limeongezeka, na hapo ndipo mkokoteni uondoke.

Una ujumbe ambao huuelewi? Usiufute. Wasiliana na huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala, na tutakuambia umefika hatua gani.